Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Bustani ya Agosti 7 ya Nairobi na Funzo Lake kwa Mbale

Utangulizi

Katika kona ambapo barabara ya Moi inakutana na barabara ya Haile Selassie, katikati ya jiji la Nairobi, kuna bustani ndogo yenye nyasi, miti, mabenchi na ukuta wa majina. Kituo cha reli hakiko mbali, na mabasi na matatu hupita kando yake tangu alfajiri hadi usiku. Mgeni asiyejua historia anaweza kudhani kuwa ni mahali pa kupumzikia tu. Lakini hadi asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, hapo palisimama Ubalozi wa Marekani.

Insha hii inachunguza namna kiwanja hicho kilivyotoka katika kifusi kikawa Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: je, mahali palipomwagika damu panaweza kurudishwa kwa watu, na kwa masharti gani? Nitajaribu kuonyesha kuwa bustani ya Nairobi imefaulu katika mambo mawili. Imewataja waliokufa kwa majina yao, na imekubali maisha ya kila siku yaendelee juu ya ardhi ileile. Hata hivyo, kuna deni ambalo bustani haiwezi kulilipa. Tena, kuna aina ya uchungu ambao miji yetu huona taabu zaidi kuukumbuka, nao ni ule ulioletwa na serikali yenyewe. Kwa sababu hiyo, sehemu ya mwisho inarudi nyumbani Mbale, mji unaopitiwa na mto Nabuyonga, ambako swali hili linatuhusu sisi pia.

Asubuhi ya Agosti 7

Saa nne na nusu na dakika chache asubuhi, lori lililopakiwa vilipuzi lilifika nyuma ya ubalozi. Mlinzi alikataa kulifungulia. Mmoja wa washambuliaji akatupa bomu dogo la kushtua, na mlio wake ukawavuta watu madirishani katika majengo ya jirani. Muda mfupi baadaye bomu kubwa likalipuka. Hii ndiyo sababu mojawapo iliyofanya majeruhi wengi waumie macho: walikuwa wamesimama nyuma ya vioo, wakichungulia nje, vioo vilipopasuka na kuwarukia. Baadhi yao hawakuona tena.

Jengo la ubalozi liliharibika vibaya lakini halikuanguka. Lililoanguka ni jengo la jirani, Ufundi House, ambalo ndani yake mlikuwa na ofisi na chuo cha makatibu mahsusi. Jumba refu la Benki ya Ushirika, lenye ghorofa zaidi ya 20, liliraruliwa madirisha yote. Basi lililokuwa limejaa abiria liliteketea barabarani. Dakika chache tu kutoka mlipuko huo, bomu jingine lililipuka katika Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam na kuua watu 11.

Kwa hesabu inayotumika zaidi, waliokufa Nairobi ni 213, na majeruhi ni zaidi ya 4,000. Tuzitazame hesabu hizi kwa makini, kwa maana ndizo zinazoeleza kwa nini kiwanja kile hakingeweza kubaki mali ya ubalozi peke yake. Kati ya waliokufa, Wamarekani walikuwa 12. Wafanyakazi wa ubalozi, Wamarekani na Wakenya wakiwa pamoja, walikuwa 44. Waliobaki, yaani kiasi cha watu 169, hawakuwa na kazi yoyote ubalozini. Walikuwa wapita njia, abiria, wanafunzi wa kupiga chapa, makarani, watu waliofuata mahitaji yao mjini siku ya Ijumaa.

Waswahili husema aliye kando haangukiwi na mti. Siku ile mti uliwaangukia walio kando. Ugomvi ulikuwa kati ya kundi la al-Qaeda na Marekani, na hakuna upande ulioomba ruhusa ya Wakenya kabla ya kuuleta kwenye barabara ya Haile Selassie. Tume ya Marekani iliyoongozwa na Admirali William Crowe, iliyotoa ripoti yake Januari 1999, ilieleza kuwa jengo la ubalozi lilikuwa karibu mno na barabara, kinyume na viwango vya usalama vya Wamarekani wenyewe. Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameiandikia Washington kuhusu udhaifu huo kabla ya shambulio. Kwa hiyo mahali penyewe palikuwa sehemu ya maafa: ubalozi ulisimama katikati ya umati, na umati ndio uliolipa.

Jambo jingine la siku zile linastahili kuandikwa. Kabla ya vikosi vya uokoaji kutoka ng'ambo kufika, waliofukua kifusi walikuwa raia wa Nairobi, wengi kwa mikono mitupu. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyenaswa chini ya Ufundi House ambaye waokoaji walizungumza naye kupitia kifusi, na taifa zima likawa linasubiri habari zake redioni. Alifariki kabla hawajamfikia. Kiwanja kile, basi, kilikuwa tayari kimeingia mikononi mwa wananchi kabla ya hati yoyote kuandikwa, kwa sababu wao ndio waliokichimba kuwatafuta ndugu zao.

Kutoka kifusi hadi bustani

Baada ya kifusi kuondolewa, lilibaki swali la kawaida la mjini: kiwanja kifanywe nini? Ardhi ya katikati ya Nairobi ni ghali, na kila nafasi iliyo wazi ina watu wanaoitamani. Wakazi wa jiji walikuwa bado wanakumbuka mwaka 1989, ambapo ilipangwa kujengwa jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, na Wangari Maathai akapinga hadi mpango ukaachwa. Kuacha kiwanja bila jengo katika jiji la namna hiyo ni uamuzi. Hakiwi wazi kwa kusahauliwa.

Marekani haikujenga tena mahali pale. Ubalozi ulihamia Gigiri, nje ya kitovu cha jiji, katika eneo kubwa lililozungushiwa ukuta. Mwaka 2001, miaka mitatu baada ya mlipuko, kiwanja cha zamani kilifunguliwa kama bustani ya kumbukumbu, chini ya usimamizi wa mfuko maalumu wa wadhamini. Baadaye ikaongezwa jumba la makumbusho ya amani, ambamo mgeni huoneshwa picha na mabaki ya siku ile. Kila mwaka tarehe 7 Agosti jamaa za marehemu na manusura hukusanyika hapo kwa sala na kuweka mashada ya maua.

Tukilinganisha viwanja hivi viwili tunaona jambo la ajabu. Ubalozi ulijifunza kukaa mbali na watu. Bustani ikafanya kinyume chake: ikawaita watu waje palepale palipoogopwa. Mahali pamoja palizaa majibu mawili, ukuta mrefu kule Gigiri na mabenchi hapa mjini. Yote mawili ni majibu ya hofu, lakini ni moja tu kati yake linalompa mkazi wa kawaida wa jiji mahali pa kukaa.

Nguvu ya majina

Kitu kikuu katika bustani ni ukuta wa majina. Katika historia ya miji yetu, walioandikwa kwenye mawe walikuwa kwa kawaida magavana, wafalme, marais waliozindua majengo, au askari waliokufa katika vita vya wakoloni. Ukuta wa Agosti 7 unaandika majina ya watu ambao wasingeandikwa popote: karani, dereva, mwanafunzi. Jina la mtu aliyekuwa akipita tu limewekwa pamoja na la mfanyakazi wa ubalozi.

Hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Katika magazeti ya ng'ambo, tukio la Nairobi huelezwa mara nyingi kama sura moja katika historia ya Marekani, sura inayotangulia ile ya Septemba 11, 2001. Katika masimulizi hayo, Wakenya zaidi ya 200 huwa ni idadi. Ukuta unakataa hesabu hiyo. Mtoto aliyezaliwa baada ya 1998 anaweza kuweka kidole chake juu ya jina la babu yake, akasoma jina, wala si tarakimu.

Jambo la pili ni matumizi. Baadhi ya watu huona vibaya kuwa mahali pa msiba panakaliwa na watu wanaocheka, wanaokula mahindi ya kuchoma au wanaolala kwenye nyasi mchana. Mimi naona tofauti. Katika jamii zetu, kaburi la mzee huwa uani, karibu na migomba, na watoto hucheza karibu nalo bila kumvunjia heshima. Marehemu hatengwi na walio hai. Bustani inayokaliwa kila siku inalindwa na macho ya watu, ilhali mnara unaotembelewa mara moja kwa mwaka huota magugu.

Hata hivyo, bustani hii ina uzio na lango, na anayeingia hulipa kiingilio kidogo. Wanaoitetea desturi hiyo husema fedha hutunza nyasi, maji na makumbusho, na kuwa lango huleta utulivu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kama tunasema kiwanja kimerudishwa kwa watu, yule asiye na kitu mfukoni ni mtu pia. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wa kipato kidogo. Ni vigumu kueleza kwa nini anayefanana nao abaki nje ya uzio akisoma majina kwa mbali.

Mifano mingine: Mkunazini, Oklahoma na Nyayo House

Nairobi si mahali pa kwanza kukabili swali hili. Mkunazini, Unguja, palikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 chini ya mkataba uliotiwa saini na Sultan Barghash. Wamisionari wa Kianglikana, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, walijenga kanisa kuu juu ya kiwanja hicho. Kwa zaidi ya karne moja, kumbukumbu ya mahali pale ilisimuliwa zaidi kwa sauti ya waliolifunga soko. Ni mwaka 1998, mwaka uleule wa mlipuko wa Nairobi, ndipo sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, kazi ya msanii Clara Sörnäs, zilipowekwa ndani ya shimo nje ya kanisa. Sanamu zile zimewageuzia watazamaji nyuso zao. Hazina majina, kwa sababu majina hayakuandikwa na waliowauza.

Huko Marekani, mjini Oklahoma City, bomu la mwaka 1995 liliua watu 168. Bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2000 ina viti 168 vitupu, kimoja kwa kila marehemu. Hapo pia jina la kila mtu limeandikwa. Tofauti ni kwamba aliyetega bomu lile alikuwa Mmarekani, na taifa lile lililazimika kukubali kuwa uchungu ulitoka ndani.

Mfano wa tatu uko Nairobi yenyewe, mwendo mfupi kutoka bustani ya Agosti 7. Ni Nyayo House, jumba refu la ofisi za serikali. Katika vyumba vya chini ya jumba hilo, miaka ya 1980, polisi wa siri waliwatesa watu walioshukiwa kuipinga serikali ya Rais Moi. Wengine walisimamishwa ndani ya maji kwa siku nyingi. Mwaka 2003, baada ya mabadiliko ya serikali, waliowahi kuteswa na umma waliruhusiwa kuingia na kuviona vyumba vile. Lakini jumba halikugeuzwa bustani wala makumbusho. Watu waliendelea kupanga foleni ghorofani kutafuta pasipoti, juu ya vyumba vilevile.

Kwa nini kiwanja cha Agosti 7 kilipata bustani ndani ya miaka mitatu, na Nyayo House isipate? Sababu moja ni kwamba jengo la ubalozi lilikuwa limekwisha kuharibika, na Nyayo House inatumika. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Muuaji anapotoka nje, taifa zima linaweza kulia pamoja, na kiongozi anaweza kuweka shada la maua bila mtu kumuuliza neno. Muuaji anapokuwa serikali, kila shada linauliza swali: nani alitoa amri, na yuko wapi leo? Ndiyo maana kipimo cha kweli cha mji si kumbukumbu za maadui zake tu. Ni kumbukumbu za makosa ya watawala wake pia.

Bustani si fidia

Kuna mpaka mwingine ambao lazima tuutaje. Bustani ni ya marehemu. Manusura wanaishi, nao wanahitaji dawa, miguu ya bandia, karo za watoto na kazi ambayo kipofu anaweza kuifanya. Kwa miaka zaidi ya 20 wamekuwa wakidai fidia. Mwaka 2020 serikali ya Sudan, iliyokuwa imelaumiwa kwa kumpa Osama bin Laden hifadhi katika miaka ya 1990, ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa waathiriwa wa mashambulio kadhaa, yakiwemo yale ya Nairobi na Dar es Salaam. Fedha hizo zililenga zaidi raia wa Marekani na waliokuwa wafanyakazi wa serikali yake. Wakenya waliokuwa wapita njia, wale kiasi cha 169 na maelfu ya majeruhi, kwa sehemu kubwa waliachwa kando.

Hapa ukuta na hundi vinasema mambo mawili tofauti. Ukuta unasema kila mtu ni sawa. Hundi inauliza kwanza una pasipoti gani na ulikuwa umeajiriwa na nani. Mwenye kovu usidhani kapoa, wanasema wahenga, na methali hii inafaa kwa mji kama inavyofaa kwa mtu. Nyasi zilizoota vizuri juu ya kiwanja zinaweza kutufanya tuamini kuwa jeraha limekwisha, na mtawala anayetaka kuepa deni anaweza kutuonyesha nyasi hizo kama jibu. Bustani njema ni ile inayolifanya deni likumbukwe.

Tunajifunza nini Mbale?

Sisi tunaosoma Kiswahili mashariki ya Uganda tuna sababu ya kuitazama bustani ya Nairobi kwa makini. Mbale ilifanywa jiji mwezi Julai 2020, pamoja na Jinja na miji mingine. Jiji jipya hupanga barabara, masoko na maegesho. Ni nadra kupanga mahali pa kukumbuka, ingawa Mbale ina mengi ya kukumbuka.

Januari 1973, katika mtaa wa Maluku, askari wa Idi Amin walipambana na wapiganaji wa FRONASA. Yoweri Museveni aliponyoka, wenzake wawili wakauawa. Mwezi uliofuata, serikali ya Amin iliwafunga watu kwenye miti na kuwapiga risasi hadharani katika miji kadhaa ya Uganda, Mbale ikiwa mmojawapo, na wananchi wakakusanywa watazame. Uchungu huo ni wa aina ya Nyayo House: uliletwa na mkono wa serikali. Unahitaji majina, tena majina ya wote, waliobeba bunduki na waliokuwa raia tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu zaidi ya 20. Uchungu huo ni wa aina nyingine. Hauna adui wa kushtakiwa, lakini una sababu: miteremko ya Masaba iliyokatwa miti, na nyumba zilizojengwa hadi ukingoni mwa maji. Hapa bustani ingefanya kazi mbili kwa pamoja. Ukanda wa miti na nyasi kando ya Nabuyonga, ukiachwa bila majengo, ungeupa mto nafasi ya kufurika bila kuua, na ungewapa wakazi mahali pa kukaa. Ukiwekwa hapo ukuta wenye majina ya waliosombwa, kila mwenye mawazo ya kujenga kibanda ukingoni angesoma sababu ya kutojenga.

Jambo la mwisho linahusu lugha ninayoitumia hapa. Mwaka 1973 huohuo, Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Waganda wengi walikuwa wamekisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka vinywani mwa askari, na kwa miaka mingi baadaye wakakiita lugha ya bunduki. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kukifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika maana hiyo, sisi wanafunzi tumekaa kwenye kiwanja chenye kovu. Hatuwezi kukifanya chetu kwa kujisingizia kuwa hakuna lililotokea. Tunaweza kukifanya chetu kwa kuyasimulia yaliyotokea kwa lugha hiyohiyo.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kuwa Bustani ya Agosti 7 imerudisha kiwanja kwa watu wa Nairobi kwa kuandika majina ya wanyonge na kwa kuruhusu jiji liishi juu yake. Imeonyesha pia mipaka yake: lango linalodai kiingilio, na fidia isiyowafikia wengi wa wale ambao majina yao yamo ukutani au miili yao ina makovu. Ulinganisho na Mkunazini, Oklahoma City na Nyayo House umeonyesha kuwa miji hukumbuka upesi uovu wa wageni na hukawia kukumbuka uovu wa wenyeji.

Kwa Mbale, kazi inaweza kuanza kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Wazee walioyaona ya 1973 wanazidi kupungua, na familia zilizofiwa mwaka 2022 bado zinaishi kando ya mto. Sisi wanafunzi wa historia na wa Kiswahili tunaweza kwenda kwao, tukaandika majina wanayotutajia, pamoja na mahali na siku. Nairobi ilipata ukuta wake kwa sababu kulikuwa na orodha ya kuchonga. Sisi tuianze orodha yetu.